Mshipa wa Saba na Kiapo cha Baba

Nilimpiga mdogo wangu kofi kwa sababu uji ulikuwa unamtoka mdomoni. Alikuwa na miaka kumi na moja. Nilidhani anacheza. Mwaka ule mvua ilitukosa, unga tulikuwa tukiupima kwa kikombe, na sikuwa na subira na mtoto anayechezea chakula. Kofi lilimpata shavu la kushoto. Aligeuka akanitazama, na ndipo nilipoona kwamba nusu ya uso wake ilikuwa inalia na nusu nyingine haikuwa na habari.

Upande wa kulia ulikuwa umejikunja kama uso wa mtoto yeyote aliyepigwa. Upande wa kushoto ulikuwa laini, umetulia, jicho liko wazi na halipepesi, pembe ya mdomo imeshuka na uji unapita hapo kama maji kwenye ukingo uliobomoka. Kwa siku mbili niliamini ni kofi langu lililomfanya vile. Sikumwambia mtu.

Tulikuwa watano, na mimi ndiye wa kwanza, msichana wa miaka kumi na tisa. Mama alifariki akimzaa yule wa mwisho, na baba akamfuata mwaka uliofuata kwa ugonjwa wa kifua. Niliacha shule nikiwa darasa la sita. Siku niliyorudisha vitabu mwalimu alinishika bega akasema nitarudi tu, na nilijua kwamba anasema hivyo ili yeye mwenyewe apate kulala. Nyumbani kwetu ni upande wa Kathonzweni, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka sokoni. Tulikuwa na mbaazi, mahindi, na kipande kizuri cha pamba kilichopakana na shamba la mdogo wa baba. Mpaka ulikuwa mstari wa mkonge ambao baba aliupanda kwa mikono yake.

Huyu mdogo wangu sikio lake la kushoto lilikuwa likitoa usaha tangu alipougua surua akiwa mdogo. Usaha ulikuja na kwenda. Watoto wengi kwetu walikuwa na masikio ya namna hiyo, na watu waliyachukulia kama makamasi, kitu cha kupangusa. Kama asingekuwa anaimba, pengine mambo yangekuwa mengine. Lakini alikuwa na sauti, na kanisani walimweka kwenye kwaya ya watoto, na Jumapili moja mama mmoja wa kwaya akaniita pembeni baada ya ibada.

"Dada," akaniambia kwa upole ambao hadi leo unanichoma, "huyo mtoto wako ananuka. Mungu atamsikia hata akiimbia nyumbani."

Nilikwenda nyumbani na aibu yangu. Sikwenda zahanati, nilikwenda shambani. Nikachuma pamba, nikaitoa mbegu kwa vidole, nikaiviringisha vidonge vidogo, nikamziba sikio. Kila Jumapili asubuhi nilimziba upya. Kidonge cha zamani kikikataa kutoka, niliweka kingine juu yake nikakisukuma kwa kijiti mpaka harufu ikaisha. Mama yule wa kwaya akanisifu. Nilifurahi kusifiwa, na hilo nalo naliandika hapa.

Wiki chache kabla ya uso kuanguka, alikuwa akinung'unika kwamba muthokoi wangu, yale mahindi ya kukoboa na mbaazi, hauna chumvi. Anasema upande huu una chumvi, upande huu hauna. Nilimwambia mtoto mwenye ndimi mbili akajipikie. Hakuna aliyejua kwamba alikuwa anatueleza, kwa maneno sahihi kabisa, ugonjwa wake ulipokuwa umefika.

Habari ya uso ilipotoka nje ya boma letu, wa kwanza kuja alikuwa baba mdogo. Hakuketi. Alimshika mtoto kidevu, akamgeuza huku na huku kama mtu anayekagua mbuzi, kisha akasema, "Mdomo huo ni wa baba yake."

Nieleze kwa asiyejua. Wakamba tuna kiapo kinachoitwa kithitu. Watu wakigombana na ushahidi ukakosekana, wanaapa kwa kithitu, na inaaminika kwamba aliyeapa kwa uongo hufa, kisha watu wake wanaanguka mmoja baada ya mwingine mpaka uongo ukiriwe. Baba na mdogo wake waligombania kile kipande cha pamba kabla sijazaliwa. Baba ndiye aliyeapa. Mpaka ukabaki kwenye mkonge. Miaka mingi ikapita na hakuna kilichotokea, ila baba mdogo alikuwa anahesabu. Mama alipokufa, alihesabu. Baba alipokufa, alihesabu. Sasa alikuwa amepata kitu ambacho kila mtu angeweza kukiona kwa macho bila kuelezwa: mtoto wa aliyeapa, mdomo umepinda.

Aliniambia dawa ni moja. Wazee waitwe, nikiri kwa niaba ya marehemu kwamba aliapa uongo, mbuzi achinjwe, kiapo kifunguliwe, na shamba lirudi kwa mwenyewe. Baada ya hapo mdomo utanyooka wenyewe.

Kanisani walinikataza kumsikiliza. Walisema hayo ni mambo ya giza. Kisha wakaniuliza kama kuna dhambi iliyofichwa nyumbani mwetu, swali ambalo ni lile lile la baba mdogo likiwa limevaa viatu. Jumapili tatu walimsimamisha mtoto mbele ya watu wote wamwombee. Mhubiri anasema tufumbe macho, watu wanafumba, na mtoto anafumba jicho moja. Lile jingine linabaki linawatazama, jekundu, linatiririka machozi. Watoto wenzake wakacheka. Mzee mmoja wa kanisa akamkemea kwa kuchungulia wakati wa maombi. Mtoto akajibu kwamba halifungi. Yule mzee akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka viti vya nyuma, kwamba mwenye imani angelifunga.

Siku ile ndipo nilipomshika mkono tukatoka katikati ya maombi. Alhamisi iliyofuata niliwaacha wale wadogo kwa jirani, nikamfunga mtoto kitambaa juu ya jicho kwa sababu ya vumbi, tukatembea mpaka mji wa Wote. Zahanati walimtazama wakaandika barua, na siku ya pili tukafika hospitali kubwa.

Daktari aliyetupokea alikuwa mtu wa Pwani, mfupi, mwenye Kiswahili laini na hasira za karibu. Hakuanza na uso. Alianza na pua. Alimfumba macho, lile zima kwa kope zake na lile bovu kwa kiganja, akampa kopo anuse. Mtoto akasema kahawa. Akamfanya asome herufi ukutani, jicho moja moja. Akamfanya afuate kidole chake juu, chini, kulia, kushoto, huku kichwa kimetulia. Akamgusa paji, shavu na kidevu, pande zote mbili, akimuuliza kama anasikia. Mtoto alisikia kila mahali. Hilo lilinishangaza, kwa maana nilidhani upande ule umekufa. Akamwambia aume meno kwa nguvu. Akamwambia aseme aaa, akachungulia kooni, ameze maji, atoe ulimi, apandishe mabega huku yeye akiyakandamiza. Nilikuwa nimesimama ukutani nikimwona akizunguka kile kichwa kidogo kama fundi wa redio anayetafuta waya mmoja uliokatika.

Alikuwa na wanafunzi wanne wa uuguzi pembeni, na alikuwa akiwafundisha huku anapima. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba kichwa kina mishipa ya fahamu kumi na miwili inayotoka jozi jozi moja kwa moja kwenye ubongo bila kupitia mgongoni, na kila mmoja una namba na kazi yake. Wa kwanza kunusa, wa pili kuona. Wa tatu, wa nne na wa sita wanagawana kazi ya kugeuza jicho. Wa tano ndio unaosikia uso ukiguswa, na ndio unaotafuna. Wa nane ni wa kusikia sauti na kutopepesuka. Wa tisa na wa kumi koo na sauti, ingawa huo wa kumi hautosheki, unashuka mpaka moyoni na tumboni. Wa kumi na moja unapandisha mabega, wa kumi na mbili unasukuma ulimi. Sikuandika popote. Niliyashika kwa sababu kila alipotaja namba alikuwa amemshika mdogo wangu mahali fulani.

"Pandisha nyusi, mwanangu," akamwambia. "Kunja paji kama umeniona mimi ni mwizi."

Upande wa kulia ukakunjika. Wa kushoto ukabaki laini kama yai.

Akawageukia wanafunzi akawauliza paji la uso linawaambia nini. Wakainamia madaftari yao. Akawafokea kidogo, kisha akaeleza. Paji la uso hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo. Mtu aliyepigwa na kiharusi, mdomo unaanguka, lakini paji lake bado linakunjika, kwa sababu upande mzima wa ubongo unalisaidia. Ukimwona mtu ambaye paji nalo limelala, na jicho halifungi, usilaumu ubongo. Laumu mshipa wenyewe, wa saba, huko njiani.

Alitoa fuvu kabatini, fuvu la kweli la mtu, likanitia baridi. Akanionyesha, mimi si wanafunzi, tundu dogo chini ya sikio ambalo unyasi wa ufagio ungepita kwa shida. Mshipa wa saba unatokea pale, akasema. Kabla ya kutokea unapita ndani ya mfupa, kwenye mfereji mwembamba wenye kona, umekaribiana kabisa na chumba cha sikio. Una tawi dogo linalokatiza ndani ya chumba chenyewe kwenda kuonja chumvi na sukari sehemu ya mbele ya ulimi. Ukishatoka nje unatawanyika usoni hivi. Akaweka kiganja kwenye shavu lake mwenyewe, vidole vimetanuka, kimoja paji, kimoja jicho, kimoja shavu, kimoja mdomo, kimoja shingo.

Mimi nikawa nafikiria muthokoi.

Kisha akainama na taa, akachungulia sikio. Akachukua koleo ndogo. Akatoa kidonge cha kwanza, cheusi. Akatoa cha pili. Nilipoona anarudi ndani tena nikatamani sakafu ipasuke. Cha tatu kilikuwa na kipande cha jani la pamba na maganda ya mbegu, na nyuma yake ukaja usaha kwa harufu iliyowarudisha nyuma wale wanafunzi wote wanne.

"Nani aliyeweka hii?"

Nikasema ni mimi.

Aliweka koleo chini. Nilingoja matusi, na ningeyapokea. Akasema tu, polepole, kwamba usaha ulikuwa na mlango mmoja wa kutokea, na mlango huo ukafungwa, kwa hiyo ukatafuta mwingine kwa kula mfupa. Umefika kwenye mfereji wa mshipa na unaubana. Kama mfupa ukifunguliwa na kusafishwa, mshipa unaweza kupona, si lazima lakini unaweza. Usipofunguliwa, mshipa utakufa, na baadaye usaha utapanda ubongoni. Kisha akanivuta karibu na dirisha anionyeshe jicho. Kwenye ule weusi kulikuwa na kidoa cheupe kidogo, kama tone la maziwa. Kope zisizofunga haziliwekei jicho maji, akasema, linakauka kama ngozi iliyoanikwa. Akalitia mafuta ya dawa, akalifunga kwa plasta.

Daktari wa masikio alikuwa akija hospitali ile mara moja kwa mwezi. Siku yake ilikuwa Jumatano ijayo. Tulikuwa Ijumaa.

"Jumatano tunampasua," akasema. "Ikipita Jumatano, jicho hili halitamngoja mwezi mwingine. Nenda kwa karani utie sahihi."

Karani aliniuliza baba yuko wapi. Nikasema amekufa. Mama? Amekufa. Basi nani anawasimamia? Mimi. Akaniangalia kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka miguu yenye vumbi, akasema anataka mtu mzima wa ukoo, mwanamume ikiwezekana, sahihi yake au dole gumba, na barua ya naibu wa chifu. Nikamwambia nimewalea watoto hawa tangu wa mwisho akiwa ananyonya chupa. Akasema hiyo si karatasi.

Nilimwacha mtoto wodini, nikaenda nyumbani nikiwa na hasira kiasi kwamba sikumbuki njia. Nakumbuka tu baba mdogo akiwa kwenye kiti chake cha miguu mitatu, akinoa panga, akinisikiliza mpaka mwisho. Nilimweleza yote, tundu la mfupa, mshipa, jicho. Nilimwomba. Niliinamisha kichwa na kumwita baba, bila lile neno mdogo.

Akasema atatia dole, kwa nini asitie, mtoto ni wa ndugu yake. Kwanza nikiri mbele ya wazee. Kithitu kikifunguliwa Jumatatu, Jumanne ataandamana nami mwenyewe mpaka hospitali.

"Na nisipokiri?"

"Basi kisu cha daktari kitakata bure. Sitaki damu ya mtoto iwe kwenye dole langu."

Watu wananiuliza kama aliamini alichokuwa anasema. Nadhani aliamini. Ndiyo maana sijawahi kumsamehe. Angekuwa mwongo wa kawaida ningejua pa kumshika. Lakini alikuwa ameingoja imani hiyo miaka ishirini, akaikuta usoni mwa mtoto, na hakujali kwamba imekaa juu ya jicho lake.

Jumamosi na Jumapili nilijadiliana na nafsi yangu. Nitasema ukweli: nilikaribia kukiri. Shamba ni udongo, jicho ni jicho. Kilichonizuia hakikuwa shamba. Nilijua nikikiri, yule mtoto ataishi maisha yake yote akiwa ushahidi. Hata uso ukinyooka, watasema ulinyooka kwa sababu baba yake alikuwa mwongo. Na mimi ndiye niliyejua kwa hakika uso ule uliharibiwa na nani.

Jumatatu wazee wa ukoo walikutana kwenye banda la kununulia pamba, kwa kuwa pamba ya kuuza haikuwepo mwaka ule na banda lilikuwa tupu. Walikuwa saba, na naibu wa chifu akiwa na daftari lake. Baba mdogo aliongea vizuri. Alitaja mama, alitaja baba, akafika kwa mtoto, akapinda mdomo wake mwenyewe kuonyesha. Wazee wakaguna. Kisha wakaniambia niseme nilicho nacho, na kwa namna walivyojiegemeza nilijua wanangoja kukiri.

Mmoja wa wale saba alikuwa mzee mkubwa kuliko wote, aliyepatwa na kiharusi miaka miwili kabla. Mkono wake wa kulia ulilala mapajani, na mdomo wake ulikuwa umeshuka upande huo, akipangusa mate kwa leso. Nilimwendea nikapiga goti.

"Baba," nikamwambia, "nisamehe kwa nitakalokuomba mbele za watu. Pandisha nyusi zako."

Baba mdogo akacheka, akasema, "Huyo sasa ni daktari wa darasa la sita."

Yule mzee akanitazama, akapandisha nyusi. Paji lake lote likajaa mikunjo, kulia na kushoto, kama shamba lililolimwa matuta. Nikamwomba afumbe macho. Akafumba yote mawili, barabara.

Nikawageukia wengine. Nikawaambia mdomo wa mzee ulishuka kama wa mdogo wangu, na hakuna aliyemwuliza aliapa nini. Nikawaeleza paji, kama nilivyoelezwa. Nikawaambia wa mdogo wangu haujapigwa na kitu kutoka juu, mshipa wake umebanwa hapa nyuma ya sikio na usaha, na usaha ulikosa njia kwa sababu sikio lilizibwa kwa pamba. Mtu akauliza nani aliyeliziba.

"Si baba yangu," nikasema. "Ni mimi. Pamba ya shamba hilo hilo mnaloligombania, nilimtia kwa kijiti, Jumapili baada ya Jumapili, ili asiwanukie kanisani. Mkitaka wa kukiri, nimekiri. Lakini baba yangu mwacheni alale."

Baba mdogo alisimama. Akasema mmesikia wenyewe, amemharibu mtoto kwa mikono yake, na bado anataka apewe karatasi ya kumpeleka kwenye kisu. Hilo lilikuwa neno zito, na niliona wazee wawili wakitikisa vichwa kumkubali.

Aliyejibu ni yule mzee wa kiharusi. Maneno yake yalitoka yamekwaruzana, ukabidi usogee umsikie.

"Mimi nilipopinda mlisema ni uzee," akasema. "Mke wangu alisema ni pombe. Hakuna aliyekuja kudai shamba langu." Akapangusa mdomo. "Na kama kithitu kinapinda midomo ya waongo, basi leteni uji hapa tunywe sote, tuone ni wangapi kati yetu watakunywa bila kumwaga."

Naibu wa chifu akacheka kwanza, kisha wengine, wakijizuia. Baba mdogo hakucheka. Yule mzee akamwambia naibu aandike barua. Ilipokwisha akainua mkono wake wa kushoto, ule mzima, akataka wino.

"Huyu msichana amekosa," akasema, akikandamiza dole. "Lakini ndiye pekee aliyesema amekosa."

Jumatano asubuhi niliiweka barua ile mezani kwa karani. Akaisoma mara mbili, akaugeuza muhuri kwenye mwanga. Nilisimama pale mpaka alipoandika.

Walimpasua nyuma ya sikio. Sikuelezwa mengi, ila daktari wa masikio aliniambia mfupa ulikuwa laini kama biskuti iliyolowa, na kwamba mshipa aliuona, umevimba, haujakatika. Akaniambia nisitazamie kitu kwa wiki nyingi. Mshipa uliobanwa unarudi polepole sana, na wakati mwingine haurudi. Kazi yangu ilikuwa jicho: mafuta kila baada ya saa kadhaa, plasta wakati wa kulala, na kumfundisha alifumbe kwa kidole. Nilifanya hivyo siku zote, nikiwa hospitalini na nikiwa nyumbani, huku nikipalilia kwa mkono mmoja. Kanisani hatukwenda. Mama yule wa kwaya alikuja kutuona na mayai sita. Nilipokea mayai. Sikumwalika ndani.

Mwezi wa tatu baada ya kupasuliwa, nikimpaka mafuta, kope ya juu ikatetemeka. Nikadhani ni mkono wangu. Nikamwambia afumbe. Ikashuka kidogo, ikaacha ufa mweupe. Baada ya wiki ufa ukawa mwembamba kama uzi. Kidoa kilibaki kwenye jicho, kipo mpaka leo, lakini pembeni, na anasoma nalo Biblia yake bila miwani. Pembe ya mdomo nayo ilirudi, ingawa haikurudi yote. Akicheka, upande wa kulia unatangulia na wa kushoto unafuata, kama mtu mwenye mguu mbovu.

Basi ndipo baba mdogo alipokuja. Alikuwa hajakanyaga kwetu tangu siku ya banda. Mtoto alikuwa amekaa anapukuchua mbaazi, na baba mdogo akamtazama usoni muda mrefu. Nikaona anahesabu.

"Kumbe kithitu kimemwachilia," akasema.

Nilikuwa nimeingoja sentensi hiyo bila kujua. Nikamuuliza kimemwachilia kwa nini. Mbuzi hakuchinjwa. Shamba tunalo. Baba yuko kaburini na neno lake lile lile. Kama kilimshika kwa uongo wa baba yake, uongo haujakiriwa na mtu, sasa kimemwachilia kwa sababu gani? Nilimtaka aseme. Nilimwambia nina siku nzima. Akasema nina ulimi mkali kwa mtu asiye na mume. Nikamwambia ulimi ni mshipa wa kumi na mbili, na wangu haujapata kuugua.

Hakuondoka. Alibaki amesimama na kofia mkononi, amezeeka, na mimi sikumpa kiti. Kwetu kumwacha mgeni amesimama hivyo, tena ndugu wa baba yako, ni jambo ambalo watu wanalisimulia.

Mdogo wangu ndiye aliyeinuka. Alileta kiti cha marehemu baba, akakipangusa, akamwambia, "Keti, baba mdogo, nikupikie chai." Nikamwambia aache, mbaazi hazijaisha. Akanipita kama hajanisikia, akaingia jikoni.

Nilimfuata mpaka mlangoni nikiwa na maneno tayari. Moto ulikuwa umezimika, zimebaki makaa chini ya majivu. Akapiga magoti, akaweka vijiti, akakaza midomo, akapuliza. Pumzi ya kwanza ilivujia kushoto. Akabana pembe ile kwa kidole, akapuliza tena, na makaa yakashika, moshi ukamrudia usoni, na macho yake yote mawili yakajifunga, kwa pamoja, bila yeye kuyaamuru.

Nilisimama pale mpaka maji yakachemka. Hasira yangu kwa baba mdogo aliyekaa uani haikupungua hata kidogo. Lakini mdogo wangu alimpelekea chai, kwa mikono miwili, na sikumzuia.